Kozi ya kalkulasi mtandaoni imegoma? Rudi hatua moja nyuma

Kijana mmoja wa Mbalizi alinijia Jumamosi ya mwezi wa saba, ile baridi ya Mbeya inayomfanya mtu afundishe na koti, mkononi ana bahasha ya kaki. "Shikamoo mwalimu. Nimefaulu kalkulasi kwa asilimia 91, lakini chuo wamenikatalia." Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi mbili. Moja ni cheti cha kumaliza kozi, cha rangi, kizuri hata kutundika ukutani. Nyingine ni barua pepe aliyoichapisha steshenari: chuo cha Marekani alichoomba kinataka transkripti rasmi, yaani hati ya matokeo inayotolewa na chuo, yenye krediti, vile vipimo vinavyohesabiwa kuelekea shahada. Tulikaa saa nzima tukiitafuta hiyo transkripti kwenye akaunti yake, mpaka tukaelewa kwamba haipo na haitakuwepo. Kozi ile haikuwa na krediti tangu siku aliyojiandikisha.

Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari. Kozi ya namna hii niliisoma mwenyewe nikikaa Uyole, usiku, baada ya kusahihisha madaftari. Tangu hapo watu huniletea matatizo yao kama fundi anavyoletewa redio, na kama ilivyo kwa redio, panapokoroma mara nyingi sipo palipoharibika. Cheti kinachokataliwa leo kiliharibika siku ya kulipia. Intagresheni inayokushinda mwezi wa nne iliharibika kidato cha pili. Hapa nimeyapanga malalamiko kwa namna ninavyoyasikia, na kila moja nimelifuata kinyumenyume mpaka lilipoanzia.

"Nimemaliza, nina cheti, chuo hakikitambui"

Anza kwa kuuliza nani alitoa kozi. Usiniambie ilikuwa nzuri kiasi gani, niambie nani atasaini transkripti. Kozi za kalkulasi za kwenda kwa mwendo wako zipo za namna tatu, na watu huzichanganya kwa sababu zote zina video, zote zina majaribio na zote zinaonekana sawa kwenye simu.

Za kwanza ni za kujifunza tu. Khan Academy ni ya bure na inafundisha hatua kwa hatua. MIT OpenCourseWare ni masomo ya chuo kikuu cha MIT cha Marekani yaliyowekwa wazi, kalkulasi ikiwemo. Mimi nazitumia zote mbili mpaka leo. Hazitoi krediti, na hakuna ada utakayolipa baadaye ikageuza ulichosomea huko kuwa krediti.

Za pili zinatolewa na kampuni zisizo vyuo, kama Sophia na StraighterLine, na huwa zimepitiwa na American Council on Education, ambayo wengi huiita ACE. Hapa ndipo watu wengi huteleza. ACE inaikagua kozi na kupendekeza kwamba inastahili krediti kadhaa. Inapendekeza, haitoi. Chuo unachokwenda kinaweza kulipokea pendekezo hilo, kulikataa, au kulipokea kwa kozi za kujaza nafasi huku kikikataa kwa kozi za fani yako. Kwa mtu wa biashara mara nyingi hupita. Kwa mtu wa uhandisi, uliza mara mbili.

Za tatu ni kozi za chuo kikuu chenyewe. Unajiandikisha siku yoyote ya mwaka, unasoma kwa kasi yako, na mwisho alama inaingia kwenye transkripti ya chuo hicho sawa na ya aliyekaa darasani. University of North Dakota wanazo, na University of Illinois wana mpango wao wa NetMath. Hizi ni ghali kuliko za pili, lakini transkripti yake ndiyo inayosafiri mbali zaidi.

Kuna na njia ya pembeni, ya mtihani bila kozi. CLEP ya kalkulasi ina maswali takriban 44 kwa dakika 90, alama zake hutolewa kati ya 20 na 80, na ACE inapendekeza krediti 4 kwa anayepata 50. Lakini nayo inafanyiwa kwenye kituo kilichoidhinishwa, kwa hiyo jua kwanza kituo kilicho karibu nawe kiko wapi kabla hujaanza kuhesabu nauli.

Sasa dawa yenyewe. Anayetaka krediti asianze na kozi, aanze na chuo kitakachoipokea. Andika barua pepe kwa msajili au mkuu wa idara, ambatanisha silabasi ya kozi unayotaka kuilipia, na uulize mambo haya kwa maneno ya moja kwa moja: je, kozi hii itachukua nafasi ya kozi yenu ipi, kwa namba yake? Itahesabiwa krediti ngapi? Alama ya chini mnayopokea ni ipi? Transkripti ifike kwenu kwa njia gani? Swali la kwanza ndilo lenye uzito. Ukiuliza tu "mnapokea kozi hii?" utajibiwa ndiyo, halafu utakuta imeingizwa kama kozi ya hiari na kalkulasi unatakiwa kuirudia. Jibu la simu lisikie kwa heshima, kisha omba uandikiwe.

Kama pesa imeshatoka na cheti kimeshakataliwa, ulichojifunza bado unacho kichwani. Omba idara ikupe mtihani wa kujipima ili usamehewe kozi. Vyuo vingi vya Marekani vina utaratibu huo. Kijana wa Mbalizi tulimwandikia barua ya namna hiyo jioni ileile, aya mbili tu, silabasi ikiambatanishwa.

Na kwa anayetaka kuitumia krediti hiyo hapahapa nyumbani, niseme wazi kwa sababu nimeshaulizwa zaidi ya mara moja. Kozi moja ya kalkulasi haigeuzi PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) kuwa PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati). Udahili wa shahada kwa aliyetoka kidato cha sita unaangalia principal pass za NECTA, baraza la mitihani, kwenye masomo yanayotakiwa na programu, chini ya utaratibu wa TCU, tume ya vyuo vikuu. Hata uwe na A ya kalkulasi kutoka ng'ambo, dirisha la udahili la MUST, chuo kikuu chetu pale Iyunga, halitaiona kama mbadala wa Advanced Mathematics. Itakufaa ukishaingia, ukiomba kuhamisha krediti, au ukienda nje.

"Wanasema krediti 4 ni chache"

Hili ni la vipimo tu, kama debe na gunia. Kwa Tanzania, krediti 1 ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, ukijumlisha darasa, kujisomea na mitihani. Ndiyo maana shahada ya miaka mitatu hapa ina krediti zisizopungua 360. Marekani krediti 1 ya muhula hubeba karibu saa 45: saa moja ya darasa na mbili za kujisomea, kwa wiki kama 15. Kalkulasi ya krediti 4 za kule, basi, ni saa 180, na saa 180 kwa kipimo chetu ni krediti 18. Mwombaji aliyepeleka transkripti bila maelezo huonekana kaleta kikombe mahali panapotakiwa ndoo. Ambatanisha karatasi ya hesabu hiyo na silabasi inayoonyesha saa. Uamuzi ni wa chuo, lakini watakuwa wanaamua wakiwa na namba mezani.

"Kadi inakataa"

Angalia mambo matatu kwa mpangilio huu: kama kadi yako, ya benki au ya mtandaoni ya simu, imefunguliwa kwa malipo ya nje; kama kiasi hakijavuka kikomo cha siku; na kama jina na anwani ulizojaza ndizo zilizoko kwenye kadi. Penye sehemu ya postikodi usijaze sifuri tano. Kila kata ina postikodi yake ya tarakimu tano, tafuta ya kwako. Ikikataa mara mbili acha, maana majaribio mengi mfululizo humfanya mwenye mfumo akuone tapeli.

"Jina langu halifanani"

Cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, kitambulisho cha NIDA kina matatu, pasi ya kusafiria imegeuza mpangilio, na kwenye kozi ulijiandikisha kwa jina la Facebook. Siku ya mtihani msimamizi anashika kitambulisho na orodha, anakuta watu wawili. Rekebisha wiki ya kwanza: akaunti ya kozi iandikwe kama pasi au kitambulisho utakachoonyesha kwenye kamera, herufi kwa herufi. Kama vyeti vyenyewe vinapingana, nenda kwa wakili uape hati ya kiapo mapema, maana kurekebisha jina kwenye transkripti iliyokwisha kutoka ni safari ndefu kuliko Tunduma kwa miguu.

"Video naielewa vizuri, mazoezi yananishinda"

Lalamiko hili ndilo linalonijia kuliko yote, na karibu kila anayelileta anadhani ana shida ya kalkulasi. Chukua kalamu, weka simu na kikokotoo mbali, fanya haya matano kwa dakika kumi.

Fungua mabano ya (x + h)². Rahisisha (x² − 9)/(x − 3). Chukua 1/(x + h), toa 1/x, uandike jibu kama sehemu moja. Andika √x na 1/x³ kwa kutumia vipeo. Taja thamani zote za x kati ya 0 na 2π ambazo sin x = 1/2.

Majibu ni haya: x² + 2xh + h², x + 3, mradi x si 3, −h/(x(x + h)), x^(1/2) na x^(−3), π/6 na 5π/6. Ukikosa mawili au zaidi, funga kozi kwa wiki mbili urudi kwenye aljebra na trigonometria. Najua inauma kwa sababu saa ya kozi inaendelea kukimbia. Lakini tazama kosa la kwanza tu linavyokula. Anayeandika (x + h)² = x² + h² akienda kutafuta mteremko wa x² kwa limiti atapata (x² + h² − x²)/h, yaani h, na h ikienda sifuri mteremko ni sifuri. Kila mahali. Kwa hesabu hiyo mlima Kitonga ni tambarare na malori yale yanayonguruma kwa gia ya kwanza yanajisumbua bure. Mfumo utamwambia amekosa limiti. Limiti hajaikosa, amekosa kufungua mabano.

Chanzo cha pili ni video yenyewe. Mwalimu wa kwenye video hafuti, hakwami, hageuzi karatasi. Ukimtazama unahisi mkono wako ndio unaoandika. Mimi najilazimisha kusimamisha video mara tu swali linaposomwa, nijaribu kwa dakika nane, hata nikitoka na mstari mmoja tu. Halafu ndipo namruhusu aendelee. Dakika nane hizo ndizo zinazonionyesha nilipokwama ni wapi. Bila hizo najua tu kwamba sijui.

Cha tatu ni kanuni ya mnyororo (chain rule), na dalili yake haijifichi. Mtu anadifarenshieti sin(3x) anapata cos(3x), na 3 imepotelea njiani. Au anachanganya sin²x na sin(x²). Ya kwanza inatoa 2 sin x cos x, ya pili inatoa 2x cos(x²). Mwulize atamke kwa mdomo kipi kimevaa kipi: kwenye sin²x sine imevaa mraba, kwenye sin(x²) mraba umevaa sine. Akiweza kusema nani koti na nani shati, kosa huisha. Nimewaona watoto wa kidato cha tano wakilimaliza kwa maneno hayohayo.

Kisha kuna mafumbo ya maneno, na humo ndimo walio wazuri wa hesabu huanguka. Chukua mahindi yanayomwagwa ghalani Mbozi. Yanadondoka mita za ujazo 0.5 kwa dakika, yanafanya lundo la umbo la koni ambalo kimo chake siku zote ni sawa na nusu kipenyo cha kitako. Kimo kinapanda kwa kasi gani pale kinapokuwa mita 2? Mwanafunzi anaona 2, anaiingiza upesi kwenye fomula ya ujazo, V = πh³/3, anapata namba tupu isiyo na herufi, anadifarenshieti, anapata sifuri. Yaani mahindi yanamwagika na lundo halikui. Kosa ni kuganda kabla ya wakati: ile 2 ni picha ya sekunde moja, na picha haina mwendo. Difarenshieti kwanza, h ikiwa bado herufi: dV/dt = πh² · dh/dt. Sasa ndipo uweke 2 na 0.5. Inatoka 0.5/(4π), karibu mita 0.04, sentimita 4 kwa dakika. Jibu ambalo mkulima akiliona hatacheka.

Ongeza na lugha. Mafumbo haya yanakuja kwa Kiingereza na neno dogo linalomaanisha "pale ambapo" linapita kama kiunganishi cha kawaida, kumbe ndilo linalokuambia namba ipi isubiri nje. Andika fumbo upya kwa Kiswahili kwenye karatasi kabla ya kugusa hesabu. Utaona kama dakika mbili zimepotea, lakini kwa wanafunzi wangu zimerudisha alama nyingi kuliko fomula yoyote.

"Mfumo unaniambia nimekosa, na jibu langu ni sahihi"

Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi ni kidole.

Mabano kwanza. Ukiandika 1/2x, mifumo mingi inasoma nusu ya x, si moja chini ya 2x. Ukiandika e^2x inasoma e mraba mara x. Andika 1/(2x) na e^(2x). Ukiandika -3^2 tegemea −9, kwa sababu kipeo kinashika 3 peke yake. Na namba kubwa usiitie koma kama tunavyoandika bei sokoni Mwanjelwa: 1,250 kwa mfumo inaweza kuwa namba mbili, 1 na 250.

Logi nayo. Shuleni kwetu, tangu enzi za jedwali la tarakimu nne, log bila kizio ni ya 10. Baadhi ya programu zinachukulia log kuwa ya asilia, ile tunayoiandika ln. Pima: andika log(10). Ikija 1 mko pamoja. Ikija 2.302585 mnazungumza lugha mbili.

Halafu nyuzi na radiani. Kanuni kwamba sin x ikidifarenshietiwa inatoa cos x ni ya kweli kwa radiani tu. Washa kikokotoo, piga sin(0.01) gawanya kwa 0.01. Ikitoka karibu 1 uko salama. Ikitoka 0.01745 kikokotoo kipo kwenye nyuzi, na majibu ya trigonometria uliyotoa nacho wiki hii si ya kuaminika. Mama mmoja muuguzi wa Tukuyu alirudia moduli nzima mara tatu kwa sababu ya kitufe hiki. Alilia, kisha akacheka, kisha akakiwekea plasta kikokotoo chake imeandikwa RAD.

Na mwisho kuna pale ambapo kweli wote mko sahihi. Intagreti 2 sin x cos x. Wewe unapata sin²x, kitabu kinasema −cos²x. Zote ni sawa, kwa kuwa zinatofautiana kwa 1 tu kila mahali, na tofauti hiyo inamezwa na C. Namna ya kujua bila kumwuliza mtu: weka x = 0.7 kwenye majibu yote mawili utoe tofauti, kisha weka x = 1.3 utoe tofauti tena. Tofauti ikibaki ileile, jibu lako la intagresheni ni zima. Ikibadilika, umekosa. Kwa difarenshiesheni tofauti lazima iwe sifuri. Ukisahau kuandika C yenyewe, hapo usilaumu mfumo.

"Mwezi wa tatu huu, bado niko moduli ya pili"

Kwenda kwa mwendo wako hakumaanishi safari haina mwisho. Kozi nyingi za krediti zina tarehe ya kufunga, na kuongezewa muda kunalipiwa. Fungua masharti leo uandike tarehe hiyo ukutani.

Zile saa 180 uzigawe sasa. Kwa wiki 16 ni saa 11 na kidogo kila wiki. Aliyeajiriwa, mwenye watoto, akaanza kozi mwezi wa kumi na moja wakati mahindi yanataka kupandwa, hana saa 11. Si mvivu, amechagua msimu vibaya. Sogeza mwanzo, au chagua kozi yenye miezi mingi.

Bando pia linakwamisha, ingawa watu wanaona haya kusema. Saa moja ya video kwa ubora wa 480 hula karibu nusu GB. Shusha ubora hadi 144 pale ambapo ubao unasomeka, au pakua maandishi ya somo na uache video kwa mada zinazokushinda tu. Kalkulasi inasomeka vizuri kwenye karatasi. Ilisomwa hivyo miaka mia tatu.

Kilichonivusha mimi ni mwenzangu mmoja aliyekuwa Iringa, akisoma kozi ileile. Kila Jumapili saa mbili usiku tulitumiana picha za karatasi za mazoezi kwa WhatsApp, zilizofanywa na ambazo hazijafanywa. Hatukufundishana sana. Ilikuwa aibu tu ya kutuma karatasi nyeupe.

"Nilifika mtihanini, mtihani umeshafungwa"

Lilinipata mimi. Nilijiandikisha mtihani wa mwisho mwezi wa pili, ufanyike mwezi wa tatu, saa 3 asubuhi kwa saa za mashariki ya Marekani. Tofauti yetu nao ilikuwa saa 8, nikaandika saa 11 jioni. Jumapili ya pili ya mwezi Machi wao husogeza saa zao mbele, tofauti ikawa saa 7, na mtihani ukawa saa 10 jioni ya hapa. Mimi nilikuwa bado namwagilia bustani. Wao hurudisha saa Jumapili ya kwanza ya Novemba, kwa hiyo mitego ipo miwili kwa mwaka. Tena ukibadili saa zao kuwa zetu, usichanganye saa ya Kiswahili na iliyoandikwa kwenye skrini: 9 yao ya asubuhi ni saa tatu. Weka saa ya pili ya simu iwe ya mji wao na uiangalie hiyo siku hiyo.

"Umeme ulikatika katikati ya mtihani"

Mitihani ya krediti husimamiwa kwa kamera: kitambulisho, kuzungusha kamera chumbani, mtu au programu inakutazama mpaka mwisho. Hapa vyanzo ni vitatu, na viwili unavijua tangu jana yake. Betri ya kompyuta ishike saa tatu bila waya. Kama haishiki, azima nyingine. Intaneti iwe na njia mbili, ruta na simu yenye bando la mtandao tofauti, na ujaribu kasi ya kupakia, siyo ya kupakua tu, kwa sababu kamera inapeleka picha yako nje muda wote. Cha tatu ni radi. Kwa watu wa Rungwe na Njombe kipindi cha masika, omba nafasi ya asubuhi hapa kwetu kama ipo. Mawingu mengi hukusanyika mchana.

Ukikatika hata hivyo, usizime kompyuta kwa hasira. Piga picha ya skrini kwa simu, andika saa na dakika, ingia tena kwa kiungo kilekile, mweleze msimamizi kwenye dirisha la mazungumzo, na ndani ya saa hiyohiyo mwandikie mkufunzi ukiambatanisha picha. Aliyeandika siku hiyo husikilizwa. Aliyeandika baada ya matokeo huonekana anatafuta kisingizio.

Waambie na watu wa nyumbani. Mara ya pili nilipoufanya ule mtihani niliwafungia wanangu nje na biskuti, nikasahau jogoo wa jirani. Alipowika msimamizi akanisimamisha akauliza ni nani aliye nami chumbani. Nikamwelekezea kamera dirishani. Akaniomba nisubiri, akaandika kitu, akaniambia niendelee. Wiki mbili baadaye nilipoiona ripoti ya usimamizi ilikuwa na mstari mmoja tu wa tukio: ndege, saa 10 na dakika 42. Transkripti niliomba itumwe moja kwa moja kutoka kwa msajili wao hadi kwa msajili wa kwangu, bila kupita mkononi mwangu, kwa sababu bahasha ikishafunguliwa na mwanafunzi haihesabiki tena kuwa rasmi.